Aliyerudi Nyumbani Kabla ya Kupona

Tangu mume wangu apigwe na kiharusi, swali ninaloulizwa nje ya kanisa letu hapa Kitengela ni lile lile: "Mama, Mungu ameshamponya?" Wanaouliza wananipenda. Wamefunga, wamekesha, wamemwombea kwa machozi. Wanachotaka kusikia ni kwamba mkono wa kulia umeinuka na ulimi umefunguka. Mkono haujainuka, na ulimi umefunguka kidogo tu. Nikisema hivyo, naona aliyeuliza akitafuta la kunifariji, halafu anaaga upesi.

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, mara nyingi usiku, Biblia ikiwa mapajani nikingoja saa ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Nilichofikia ni hiki: uponyaji una sehemu mbili, na sisi tumeng'ang'ania moja. Sehemu ya kwanza ni mwili kurudiwa na nguvu. Hiyo ni ya Mungu, na madaktari ni watumishi wake, wajue wasijue. Sehemu ya pili ni mtu kurudishwa mahali pake miongoni mwa watu wake. Hiyo Mungu ametuachia sisi. Ya kwanza inaweza kuchelewa, au isije kabisa katika maisha haya. Ya pili ikichelewa, tumeichelewesha sisi.

Zisome Injili kwa jicho la mtu anayeuguza, utaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita mbio. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko sura ya 2, aliposimama hakuagizwa akahubiri sokoni. Aliagizwa aende nyumbani kwake. Yule wa nchi ya Wagerasi, katika sura ya 5, alisihi afuatane na Yesu, akakataliwa, akatumwa kwa jamaa zake. Kijana wa Naini, katika Luka sura ya 7, alipoketi na kuanza kusema, Yesu alimkabidhi kwa mama yake. Mara tatu nguvu ya Mungu inaugusa mwili, na mara tatu safari inaishia kwa watu wa nyumbani. Bwana hakuihesabu kazi kuwa imekwisha mpaka mtu awe amefika kwao.

Basi tuulize: mgonjwa wa kiharusi anayeruhusiwa hospitalini leo, akiletwa Kitengela au Kajiado, anarudi kwenye nini?

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka. Wa mume wangu uliziba upande wa kushoto. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Iko dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Yeye kiharusi kilimkuta kwenye boma la kaka yake, ng'ambo ya Bissil, alfajiri, mahali ambapo gari hutafutwa kwa simu na mtandao hutafutwa juu ya kichuguu. Gari likapatikana, likashika barabara ya Namanga, likapita Kajiado na Isinya, likakwama kwenye foleni ya Athi River. Tulipofika Nairobi saa hizo zilikuwa zimekwisha. Madaktari waliokoa uhai wake, nami nawaombea hadi leo. Kisha siku moja tukaambiwa tumeruhusiwa. Nilipewa karatasi, mfuko wa dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, na mume mwenye urefu wa futi sita asiyeweza kuketi bila kuinamia upande mmoja.

Kitengela ya sasa imejaa ghorofa. Familia nyingi zimepanga ghorofa ya tatu au ya nne, na lifti hakuna. Wako wagonjwa ninaowajua waliopandishwa ngazi ndani ya blanketi siku waliyorudi, na tangu siku hiyo hawajaliona jua ila wakipelekwa kliniki. Sisi tuna nyumba ya chini kwenye ploti yetu, na bado haikuwa rahisi. Mvua za masika zikinyesha, ule udongo mweusi wa tambarare hizi hunata kwenye magurudumu ya kiti mpaka yakagoma kuzunguka. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kuchuchumaa. Fundi wa mtaani alikata tundu katikati ya kiti cha plastiki, akalainisha kingo, akaimarisha miguu yake, tukakiweka juu ya shimo. Siku hiyo mume wangu alikwenda haja kama mtu mzima, akalia. Mimi nililihesabu lile tundu kuwa ni jibu la maombi, na sioni sababu ya kulihesabu vingine.

Mtaalamu wa fizio mjini Kajiado, dada mmoja mwenye umri wa binti yangu, alinifundisha kumwinua. Usimvute kwa mkono uliolegea, alisema, bega litachomoka. Mlete ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili ikanyage chini. Weka goti lako mbele ya goti lake dhaifu ili lisikunjike. Mshike kwenye mshipi kiunoni. Sasa mwambie ainamie mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Nilishangaa jinsi mtu mzito vile anavyoinuka. Lakini sharti ainame yeye. Nikijaribu kumwinua kabla hajainama, sote wawili tunaanguka. Nilijifunza hapo jambo la kiroho ambalo sikulipata katika semina yoyote ya kanisa: kumsaidia mtu hakumfanyi mzigo. Ana sehemu yake ya kufanya, na ukimnyang'anya sehemu hiyo kwa haraka yako, umeondoa pia uwezekano wa kusimama kwake.

Kuna walioniletea maelezo mengine. Mmoja alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mhubiri mmoja alikuja nyumbani akatangaza laana ya ukoo, kisha akataja sadaka ya kuivunja. Mwingine alisema imani yetu ni haba. Hao wote wanauliza swali ambalo wanafunzi waliuliza katika Yohana sura ya 9 juu ya kipofu: aliyefanya dhambi ni nani, ni yeye au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe, akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi. Mume wangu alikuwa na presha iliyopanda kwa miaka bila kumuuma popote, kama inavyowapata wengi. Hiyo inatosha kwa maelezo. Na marafiki wa Ayubu, kabla hawajaanza kutafuta kosa lake, walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Lau wangeishia hapo, wangerudi makwao wakiwa marafiki wa kweli.

Kumrudisha mtu mahali pake ni nini hasa? Kwetu nimeona kuna mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mezani. Katika nyumba nyingi mgonjwa hulishwa chumbani, kwa kuwa chakula humdondoka na wageni huona haya. Nakumbuka habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 yaya alipokimbia naye akamwangusha, akalemaa miguu yote miwili. Alikuwa akiishi Lodebari, katika nyumba ya mtu mwingine, mpaka Daudi alipotuma aletwe ale mezani pa mfalme siku zote. Sura hiyo, ya 9 katika Samweli wa Pili, inamaliza kwa kusema kwamba alikula pale daima, na kwamba alikuwa kiwete. Mwandishi ameyaweka mambo hayo mawili pamoja bila aibu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba miguu ilipona. Meza haikungoja miguu. Sisi nasi tunamketisha mzee wetu wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kikiwa mkono wa kushoto, na uji wake ni mzito kuliko wetu, kwa sababu kitu chepesi kama chai humpalia na kinaweza kushukia mapafuni. Anakula polepole. Sote tunangoja.

Mahali pa pili ni barazani. Mume wangu alikuwa msemaji. Katika mikutano ya wazee alisimama na rungu lake, na watu walinyamaza. Sasa wageni wanakuja wanasimama juu ya kichwa chake na kuniuliza mimi: "Anakula? Analala? Anatujua?" Anawajua. Anawasikia. Kilichofungika ni mlango wa kutokea maneno, na aliyefungiwa ndani ana akili zake zote. Yalipotokea mambo ya kuuza mitamba ili kulipa deni, ndugu walikaa nje chini ya mgunga wakaanza kuamua. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mzee asiyejua kusoma, ndiye aliyewainua wote. "Ng'ombe ni wa nani?" aliuliza. "Twendeni kwake." Wakaingia, wakaketi, mmoja mmoja akasema naye usoni, taratibu, swali moja moja la kujibiwa ndiyo au hapana. Mtamba wa kwanza, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu alikunja ngumi ya kushoto na kutikisa kichwa: huyo ni wa binti yake, alikwisha kumwahidi. Hakuna aliyekumbuka ahadi hiyo ila yeye. Zekaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikuwa bubu siku ya kumpa mtoto jina, na ndugu walikuwa wamekwisha kuchagua lao. Lakini walimuuliza kwa ishara, akaomba kibao, akaandika, na neno lake ndilo lililosimama. Kunyamaza kwa mtu hakuwapi wengine ruhusa ya kumwamulia.

Mahali pa tatu ni katika sala na baraka. Hapa liko jambo ambalo hunifanya nitetemeke. Mume wangu hawezi kuomba maji. Hutafuta neno, linamponyoka, anakunja uso. Lakini kanisa likianza Sala ya Bwana, sauti yake inaingia na kwenda nasi hadi amina, na nyimbo za Kimaasai alizofundishwa na mama yake anaziimba zikiwa nzima. Wataalamu wanasema maneno tuliyoyakariri tangu utotoni, nyimbo na hata kuhesabu, mara nyingi hubaki pale usemi wa kujitungia unapopotea. Kijana mmoja msomi wa kanisani aliniuliza kama hiyo ni sala kweli, au ni mazoea ya ulimi tu. Nilimjibu kwa swali: wewe maneno hayo uliyatunga? Sote tuliyapokea kwa wengine, na siku tulizoomba tukiwa tumechoka au tumekata tamaa, ni maneno ya wengine yaliyotubeba. Marko anaeleza kwamba Yesu aliiona imani ya wale waliombeba mgonjwa. Ikiwa imani ya wengine ilihesabiwa kwa ajili ya aliyelala kitandani, basi mkutano ukianza sala na mume wangu akaimalizia pamoja nao, Mungu anamsikia.

Na baraka. Kwa Wamaasai mtoto humwendea mzee akiwa ameinamisha kichwa, na mzee huweka mkono utosini. Mume wangu aliporudi, wajukuu walikuja na vichwa vyao vimeinama kama kawaida, naye akageuza uso ukutani. Mkono wa kuume ulikuwa umelala pajani, na kwake mkono wa kushoto ulikuwa mkono wa kazi duni. Shemeji yule yule akauchukua ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya kichwa cha mdogo kabisa, akasema, "Baraka hutoka kwa mzee. Haijawahi kutoka kwa mkono." Nilifungua Mwanzo 48, pale Yakobo alipowabariki wana wa Yusufu kwa mikono miwili iliyopishana. Manase alipata mkono wa kushoto, naye akawa kabila katika Israeli. Tangu wakati huo wajukuu hawaondoki kwenda shule kabla hawajapita kwake. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na kwa kawaida tunalitaja hilo kuwaonya wazima wasiwacheke walemavu. Mimi nalisikia pia kama tumaini: Mungu bado anamuumba mume wangu, na anamuumba akiwa hivi.

Sasa niseme neno juu ya hatari ya mafundisho haya, kwa sababu nimeiona nyumbani mwangu. Mtu anaweza kuhubiri uzuri wa kutunza wagonjwa, halafu kazi yote ikamwangukia msichana mmoja. Binti yetu wa kwanza aliacha kazi yake ya kushona kwenye viwanda vya EPZ Athi River ili anisaidie. Mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda. Kuna kuosha, kulisha, kunyoosha viungo, kukumbusha dawa, kufua. Binti alikonda. Mgeni mmoja wa kanisa akamsifu, akamwambia kubeba mzigo huo ndiyo baraka ya mtoto wa kike. Sikubaliani naye hata kidogo. Waliombeba yule wa Kapernaumu walikuwa wanne, na Marko ameitaja idadi. Mtu mmoja akibeba kitanda peke yake, wanaanguka wawili. Na yule wa birika la Bethzatha, katika Yohana sura ya 5, baada ya miaka 38 ya ugonjwa, alipoulizwa kama anataka kuwa mzima, malalamiko yake yalikuwa kwamba hana mtu wa kumtia majini. Hakuulalamikia mwili wake. Alilalamikia upweke.

Wetu wanne wakapatikana, na hawakutoka kanisa moja. Jirani yetu Mwislamu, mama mwenye duka la nguo, alianza kuja kukaa naye ili mimi na binti tutoke. Nilipomshukuru alinieleza kwamba katika mafundisho yao, Siku ya Kiyama Mungu atamuuliza mtu kwa nini hakumzuru mgonjwa, na atamjulisha kwamba kando ya mgonjwa yule angemkuta Yeye. Nikamwonyesha Mathayo 25, tukatazamana. Wa pili ni kijana wa bodaboda anayejua kumfunga kiunoni na kumpeleka fizio bila kumwangusha. Wa tatu ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mmoja wa wale zaidi ya laki moja ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 na kuwapa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Huja, humfunga kile kitambaa mkononi, huandika namba. Wa nne ni shemeji. Binti yangu amerudi kazini.

Wengine wanasema nikizungumza hivi nimekata tamaa na muujiza. Sijakata. Naomba mkono ule uinuke, na nitaomba hadi nife. Lakini ninakataa maombi yanayomwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Aliyepigwa na kiharusi mara moja yuko katika hatari kubwa ya kupigwa tena, na kidonge cha presha cha kila siku ni miongoni mwa ngao zake kubwa. Kukimeza kwa shukrani ni tendo la imani.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mashehe, wazee wa mitaa na kila anayesoma haya. Tunajua kuchanga bili ya hospitali. Harambee hizo hazitushindi. Bima nayo, iwe ile ya NHIF ya zamani au SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, macho yake yako zaidi hospitalini. Nepi za mtu mzima, nauli ya fizio na chakula cha anayeuguza hutoka mfukoni mwa familia. Nguvu za mwili hurudi kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, na hiyo ndiyo miezi ambayo wageni hupungua. Geuzeni mpango. Kundi la mchango lisivunjwe siku mgonjwa anapotoka. Siku hiyo lipangwe upya kwa zamu. Mwingiapo nyumbani, semeni naye kwanza, mkiwa mmeketi, usoni, na mngojeni ajibu. Muulizeni mtunzaji amelala saa ngapi. Msipeleke unabii mahali panapohitaji kiti cha choo.

Kama mtaani kwenu yuko mmoja aliyerudishwa nyumbani mwezi huu, tafuteni watu wanne kabla ya Jumapili.